Bunduki hufuata risasi

Ndugu msikilizaji, barua ya juma hili imetoka Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Aliyeiandika ni mzee mmoja, mkulima wa ndizi na mdalasini. Kijana wake ni askari, na miaka kadhaa iliyopita alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Kongo. Mzee anasema amesikia kwenye redio za nje kwamba majeshi ya mataifa makubwa yanaziweka kando bunduki za wadunguaji yalizozizoea na kuchukua nyingine za kaliba nyingine, zinazofika mbali zaidi. Halafu anauliza swali moja tu: Je, bunduki ya mwanangu inafika?

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni zito, nami sitalijibu kwa kutaja kilichomo ndani ya maghala ya jeshi letu. Hayo hayasemwi redioni, na kama yangesemwa, wa kwanza kufaidika angekuwa yule aliyejibanza kwenye kilima cha pili akimsubiri mwanao. Lakini jambo lenyewe, yaani kwa nini majeshi hubadili bunduki, yanapata nini na yanalipa nini, tunaweza kulizungumza mchana kweupe. Tena sisi wa nchi hii tuna haki ya kulizungumza kuliko wengi, kwa sababu liliwahi kutokea hapa hapa kwetu, na sehemu yake ilitokea katika milima hiyo unayoiona kila asubuhi ukifungua mlango.

Kwa wale ambao hawajafika Kinole, niwaeleze kidogo. Unatoka Morogoro mjini kupitia Bigwa na Kiroka, kisha unaiacha barabara ya Matombo na kuanza kupanda. Huko ndiko kwao Chifu Kingalu, ambaye tangu enzi na enzi watu walimwendea kwa ajili ya mvua. Nchi yote imekunjamana. Nyumba ziko mabegani mwa vilima, na kati ya kilima na kilima kuna bonde. Unamwona mtu ng'ambo ya pili anaanua nguo zake, ukimwita anaitika, na hata rangi ya kanga unaitambua. Lakini ukitaka kumpelekea chumvi, itabidi uteremke mpaka mtoni, uvuke, upande tena, na kabla hujafika saa nzima imekwisha na shati limelowa. Kwa jicho yuko jirani, kwa mguu yuko safarini. Kazi yote ya mdunguaji iko hapo, katikati ya umbali wa jicho na umbali wa mguu. Anampiga mtu anayemwona lakini ambaye hawezi kumfikia haraka, na ambaye naye hawezi kumfikia yeye.

Sasa tuelewane maneno. Mdunguaji ni askari anayejificha, mara nyingi akiwa na mwenzake wa kumtazamia kwa darubini, na kupiga shabaha moja kutoka mbali. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, ingawa siku hizi watu wakisema kaliba wanamaanisha risasi nzima, yaani kichwa chake, ganda lake na baruti iliyomo. Ile SMG ambayo kila mmoja wetu ameiona mabegani mwa askari inafaa mpaka mita 300 au 400. Bunduki ya mdunguaji iliyozoeleka duniani, ya milimita 7.62, mikononi mwa mtu aliyefunzwa vizuri hufika mita 800 kwa uhakika. Zaidi ya hapo mambo huharibika. Risasi inapopungua mwendo na kukaribia mwendo wa sauti, ambao ni mita 340 hivi kwa sekunde, huanza kuyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Na risasi haiendi moja kwa moja kama wanavyoonyesha kwenye sinema. Inaanguka. Katika umbali wa mita 1,000 risasi hiyo ya milimita 7.62 huwa imeanguka zaidi ya mita 10 chini ya pale mtutu ulipokuwa ukitazama. Maana yake mpigaji hana budi kulenga hewa tupu juu ya kichwa cha mtu, juu kama kilele cha mnazi, akitumaini kwamba hesabu yake ni sahihi. Upepo nao una yake. Bondeni huko Kinole upepo unaweza kuwa wa namna tatu kati ya kilima kimoja na cha pili, na mpigaji anauona ule wa karibu yake tu.

Hayo ndiyo yaliyowapata Wamarekani na Waingereza katika Afghanistan, nchi ya milima na mabonde mapana. Wapinzani wao walikaa ng'ambo ya bonde na kuwamiminia risasi kutoka umbali ambao bunduki za mita 800 hazikuweza kujibu. Wamarekani walikuwa na bunduki iitwayo M24, iliyoanza kazi mwaka 1988. Mafundi walikuwa wameiachia nafasi ya kupokea risasi ndefu zaidi, kana kwamba walijua siku itafika. Basi badala ya kuzitupa, walizirudisha kiwandani, wakazivua mitutu na vitako, wakazifanya upya zipige risasi ya .300 Winchester Magnum. Mwaka 2011 zilianza kufika Afghanistan, na kipimo chake kikawa mita 1,200. Msikilizaji, zingatia jambo hili: tundu la mtutu lilibaki lile lile la milimita 7.62. Kilichoongezeka ni ganda, yaani tumbo la baruti, na uzito wa kichwa cha risasi.

Waingereza wao walikwenda kwenye milimita 8.6, risasi iliyopewa jina la kiwanda cha Lapua cha huko Finland. Bunduki yao mpya ilisambazwa kuanzia mwaka 2008, na Novemba 2009 askari wao Craig Harrison aliwapiga watu wawili waliokuwa na bunduki ya rashasha kutoka mita 2,475, katika jimbo la Helmand. Mwaka 2017 Wakanada walitangaza kwamba mtu wao alipiga kutoka mita 3,540 huko Iraki kwa bunduki ya milimita 12.7. Habari kama hizi hupendwa sana na magazeti. Mimi sizipi uzito mkubwa. Hesabu ya risasi iliyopiga huandikwa, ya zilizokosa kabla yake huandikwa kwa nadra.

Kutokana na habari hizo wengi huamini kwamba kaliba ikiwa kubwa ndipo bunduki inafika mbali. La hasha! Twende mwaka 1914.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, jeshi la Wajerumani hapa kwetu liliongozwa na Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, na askari wake wengi walikuwa Waafrika. Mikononi mwao, isipokuwa katika makampuni machache, kulikuwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Hii ilikuwa ya milimita 11. Kichwa chake cha risasi kilikuwa donge la risasi nyeusi la gramu 25, zito kama nini, lakini lilitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 430 tu kwa sekunde. Wakati huo huo askari wa Kijerumani huko Ulaya alikuwa na Mauser ya mwaka 1898, milimita 7.92, kichwa cha gramu 10, kilichochongoka, kikienda mita 880 kwa sekunde. Nyembamba ikaishinda nene. Sababu yake haina uchawi. Chukua jiwe la duara na mkuki wa uzito ule ule, urushe vyote viwili. Hewa italisukuma jiwe nyuma kwa sababu kifua chake ni kipana, lakini mkuki utapenya. Kinachopeleka risasi mbali ni uzito mwingi juu ya kifua chembamba, umbo la kuchongoka, na mwendo. Baada ya mwaka 1871 dawa ilikuwa kupunguza upana. Miaka hii ya karibuni, kwa kuwa mwendo umeshapatikana, dawa imekuwa kuongeza uzito na urefu wa kichwa, na upana huongezeka kidogo kwa ajili hiyo. Ni kanuni moja, ingawa kwa mtazamaji inaonekana kama watu wamegeuza kauli.

Lakini ubaya mkubwa wa ile milimita 11 ulikuwa moshi. Baruti yake ilikuwa ya kizamani, nyeusi. Mfaransa Paul Vieille alikwisha kugundua baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa lilikuwa na bunduki ya kuitumia. Ndiyo kusema mwaka 1914 askari wetu alikuwa nyuma kwa miaka 28. Akifyatua mara moja, wingu jeupe linasimama juu ya kichaka chake, na kila mwenye macho upande wa pili anajua pa kupiga. Fikiria kujificha mchana kutwa na kisha kuinua bendera. Kilichochakaa Ulaya kilionekana kizuri cha kutosha kwa Mwafrika, na aliyelipa kwa tofauti hiyo ni Mwafrika mwenyewe.

Lettow-Vorbeck alilijua hilo. Tanga, kuanzia Novemba 2, 1914, Waingereza waliteremsha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakashindwa na jeshi la watu kama 1,000. Watu wa Tanga wanapenda kusema nyuki ndio waliowafukuza, na ni kweli kwamba nyuki walitoka mizingani wakawauma wote bila kuchagua. Lakini kilichokuwa na faida kwa Lettow-Vorbeck ni vile vilivyoachwa ufukweni: bunduki 455, bombomu 16, na risasi 600,000. Aliweza kuyapa makampuni matatu na zaidi silaha za kisasa kutokana na mali ya adui. Ona, hakuokota bunduki peke yake. Kama angezipata zile 455 bila risasi zake, zingekuwa fimbo za kutembelea, kwa maana bunduki ya Kiingereza haikubali risasi ya Kijerumani.

Aprili 1915 meli moja iitwayo Rubens, iliyojifanya ni ya Denmark, ilipenya mpaka ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifuma na kuichoma, lakini shehena ikaopolewa. Ndani yake mlikuwa na bunduki 1,800 za kisasa na mamilioni ya risasi. Maji ya chumvi yalikuwa yameziingia. Basi wakakaa watu kuzifungua risasi hizo moja moja, baruti ikaanikwa kama mtama, kisha zikafungwa tena. Sidhani kama kuna picha inayoeleza vizuri zaidi maana ya kubadili kaliba kuliko hiyo: watu wamekaa chini, siku hadi siku, wanakausha baruti. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi karibu na Lindi, nayo ilileta risasi zaidi.

Mzee wangu, Agosti 26, 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Morogoro mjini. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, wakiizunguka milima ya Uluguru kwa pande zote mbili kuelekea Kisaki. Waingereza wakawafuata. Upande wa magharibi walipita Mlali na Mgeta. Upande wenu wa mashariki walilazimika kupasua njia katika miamba ili magari yapite. Katika vilima vile, kikosi kidogo kilichokaa juu ya mgongo wa mlima na bunduki inayofika ng'ambo kiliweza kulisimamisha jeshi zima barabarani, kisha kikaondoka usiku na kwenda kukaa kwenye mlima unaofuata. Na Septemba, pale Kisaki, Waafrika Kusini walioshuka kwa haraka kutoka milimani walipigwa wakarudi nyuma.

Miezi minne baadaye, Januari 4, 1917, huko Behobeho, upande wa kusini wa Uluguru, aliuawa Kapteni Frederick Selous. Alikuwa na umri wa miaka 65, mwindaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, na alipigwa na mdunguaji wa upande wa Wajerumani. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitazama kwa darubini kutafuta risasi zinatoka wapi. Huyu bwana alipokuwa kijana aliwinda tembo kwa bunduki ya kushindilia yenye mtutu mpana zaidi ya milimita 25, kila gololi ikiwa na uzito wa gramu 113. Aliandika baadaye kwamba alijuta kuzigusa bunduki zile, kwa jinsi zilivyompiga bega na kumharibia utulivu wa mkono. Katika maisha yake mwenyewe alihama kutoka milimita 25 hadi kaliba nyembamba, na mwisho wake ukaletwa na risasi ya mtu aliyejificha. Kaburi lake liko pale hadi leo, na mwaka 1922 pori kubwa la wanyama likapewa jina lake. Kaburi la yule aliyempiga, au la wenzake, mimi sijawahi kuonyeshwa na mtu.

Sasa sikiliza mwisho wa bunduki za Lettow-Vorbeck. Novemba 1917 alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Risasi za Kijerumani zilikuwa zinakwisha na hakuna meli nyingine iliyokuja. Pale Ngomano aliivamia kambi ya Wareno, akachukua bunduki na risasi zao, na askari wake wengi wakaachana na za Kijerumani. Mwaka uliofuata waliendelea hivyo hivyo, kwa kunyang'anya. Alipojisalimisha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, alikabidhi bunduki 1,071. Zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kaisari, ambalo halikuwahi kushindwa kabisa uwanjani, lilimaliza vita bila bunduki za Kaisari, kwa sababu bunduki hufuata risasi, haifuati bendera wala uzuri wa kiwanda kilichoitengeneza.

Na risasi nazo hufuata mgongo wa mtu. Wapagazi waliobeba shehena za pande zote mbili walikuwa watu wetu, akiwamo Mluguru aliyekamatwa shambani kwake. Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi. Upande wa Waingereza peke yake, kwa hesabu zao wenyewe, wapagazi waliokufa ni zaidi ya 40,000, na wengi waliuawa na kuhara, homa na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam, pale unaponunua viatu na betri, ilipata jina lake kwa kikosi hicho cha wapagazi.

Siyataji haya kwa sababu ya kupenda historia tu. Uzito bado ni ule ule, ingawa siku hizi kuna malori na helikopta. Risasi 100 za milimita 7.62 za mdunguaji wa kawaida zina uzito wa kilo mbili na nusu. Risasi 100 za 8.6 zinapita kilo nne. Risasi 100 za milimita 12.7 zinapita kilo 11. Na zile za milimita 14.5 zinafika kilo 20. Mwisho wa barabara, mtu ndiye anayezipandisha.

Hizo za milimita 14.5 zinatupeleka Kongo, alikokuwa kijana wa Mzee. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki ya Kongo. Ilikuwa ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Agosti mwaka huo mapigano yalikuwa Kibati, kaskazini ya Goma, vilima vitupu. Iliripotiwa huko Afrika Kusini kwamba mdunguaji wao alimpiga mpiganaji wa M23 kutoka mita 2,125. Bunduki aliyotumia inaitwa NTW, inatengenezwa Afrika Kusini, na ina tabia moja ya ajabu: ina mitutu ya kubadilisha. Mmoja ni wa milimita 20, mwingine wa 14.5. Na ule mwembamba ndio unaofika mbali zaidi! Risasi yake iliundwa na Warusi wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya kutoboa vifaru. Bunduki yenyewe ina kilo kama 30, hufunguliwa mafurushi mawili na kubebwa na watu wawili, achilia mbali anayebeba risasi.

Siku zile zile za Agosti 2013 Tanzania ilimpoteza Meja Khatibu Mshindo. Hakupigwa na mdunguaji. Alipigwa na bomu la kutupwa kutoka mbali. Nalitaja ili tusidanganyike kwamba mtutu mrefu ni kinga ya kila kitu. M23 walishindwa Novemba mwaka huo, walipoondolewa kwenye vilima vya Mbuzi, Runyoni na Chanzu, na vilivyowaondoa ni mizinga, helikopta na askari wa miguu waliopanda. Mdunguaji alisaidia. Tena vilima hivyo havikubaki salama, kwani Januari 2025 M23 waliingia Goma upya.

Basi turudi kwenye fedha na viwanda, maana hapo ndipo wananchi wana neno. Chini ya milima ya Uluguru, hapo hapo Morogoro, kuna Shirika la Mzinga. Lilianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina, na kazi yake ni kutengeneza risasi. Mataifa mengi ya Afrika, letu likiwamo, yalijengewa majeshi yao kwa silaha za Urusi na China. Katika mfumo huo risasi ya mdunguaji ni ile ya milimita 7.62 ambayo Warusi waliianza mwaka 1891, nayo inaliwa vile vile na bunduki za rashasha. Ni risasi ya bibi na babu, imefikisha zaidi ya miaka 130, na bado inapiga. Si kwamba Warusi hawajui kutengeneza nyingine. Wanazo. Ila ghala lililojaa ni silaha kuliko bunduki mpya isiyo na ghala.

Nchi ndogo inaponunua bunduki 50 za 8.6 inanunua na utegemezi. Risasi zake zinatoka kwa wachache duniani, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida. Mtutu wake huchakaa mapema kwa sababu ya nguvu ya baruti. Darubini yake peke yake inaweza kukaribia bei ya bunduki. Na wakubwa wakigombana nawe, au wakiamua kukuwekea vikwazo, sanduku la mwisho la risasi likiisha unabaki na chuma kizuri ukutani. Lettow-Vorbeck angalau aliweza kuwanyang'anya Wareno. Askari wa kulinda amani atamnyang'anya nani?

Je, ninasema basi tukae na za zamani? Hapana. Mwafrika wa 1914 aliyepewa bunduki ya moshi alidhulumiwa, na sitaki mjukuu wake adhulumiwe kwa namna nyingine. Ukimpeleka kijana kwenye vilima ambako adui anakaa mita 1,200, na mkononi ana kitu cha mita 800, umempeleka akafe akiangalia. Ninachosema ni kwamba maswali ya kuuliza yako mahali pengine. Kila mwaka bajeti ya ulinzi inapofika Dodoma, wabunge wetu huuliza nyumba za askari na posho, na ni vizuri wafanye hivyo. Wangeweza pia kuuliza, bila kufichua siri ya mtu, kama chochote kipya kinachonunuliwa kina risasi za miaka mingapi, na kama Mzinga itaweza siku moja kuzitengeneza. Na wangeuliza askari wa shabaha anapiga risasi ngapi kwa mwaka akiwa mazoezini. Maana mtu aliyepiga risasi 3,000 kwa bunduki ya mita 800 atamshinda aliyepiga 60 kwa bunduki ya mita 1,500. Hesabu ya upepo hainunuliwi pamoja na bunduki. Ikiwa risasi moja ni ghali, kamanda atazibana, zitabaki kwenye sanduku kwa ajili ya ukaguzi, na kijana atakwenda vitani na bunduki asiyoijua.

Liko jambo jingine ambalo wauza silaha hawalitaji. Bunduki imefika mbali kuliko jicho. Kwa mita 400 unaona uso wa mtu. Kwa mita 2,000, hata kwa darubini nzuri, katika joto la mchana linalofanya hewa icheze, unaona umbo linalotembea. Yeyote aliyewahi kusimama Kinole saa saba mchana na kutazama ng'ambo anajua. Vilima vya Rutshuru ni mashamba ya watu, ya maharage na ndizi kama ya Uluguru. Mkulima wa huko anatoka alfajiri, anapanda njia nyembamba, na jembe lake amelitia begani. Umoja wa Mataifa una kanuni zake za nani apigwe na nani asipigwe, na mdunguaji hupewa mwenzake wa darubini kwa sababu hiyo pia, ili wawe wawili wanaokubaliana kabla ya mmoja kufyatua. Katika mafunzo ya kaliba mpya, saa za kutazama zinapaswa kuwa nyingi kuliko saa za kupiga.

Muda wangu umekwisha. Barua za juma lijalo nyingi ni za wakazi wa Manzese kuhusu bili za maji, nami nitazijibu.